Madume Wenye Mayai

Kila aliporudi kutoka shule, Sindano alivua viatu mlangoni, akavaa kandambili, akala chakula chake akiwa amesimama, kisha akatoka uani kumsaidia mama yake. Jina hilo la Sindano alipewa na mjomba wake, kwa sababu alikuwa mwembamba na alipenda kuwachoma watu kwa maswali. Alikuwa binti wa miaka kumi na miwili.

Mama yake alikuwa dobi. Uani palikuwa na mabeseni manane, kamba tano za kuanikia, meza ya kupigia pasi chini ya paa la mabati, na pipa moja la bluu lisilo na maandishi yoyote. Ndani ya pipa hilo mlikuwa na sabuni nzito ya maji iliyonuka kama rangi ya ukutani. Ilikuwa ya ovaroli tu. Mafundi wa gereji tatu za mtaa ule walileta ovaroli zao kila wiki, zimeganda grisi mpaka ungedhani zinaweza kusimama zenyewe, na bila sabuni ile zisingetakata hata kwa kuzisugua siku nzima.

Kazi ya Sindano ilikuwa kumwaga maji machafu. Mama alikuwa amechimbisha shimo refu mwisho wa uwanja, akalijaza mawe na kokoto, akalifunika kwa ubao. "Maji ya ovaroli ni ya shimoni," alisema. "Si ya bustanini, si ya barabarani. Umenisikia?"

Sindano alikuwa amesikia. Lakini kutoka kwenye mabeseni mpaka shimoni zilikuwa hatua sabini, ndoo mbili mikononi, na vipini vyake viliuma vidole. Nyuma ya ukuta, ukipita kwenye kimlango cha mbao, palikuwa na mfereji. Hatua sita tu. Siku za kwanza alikwenda shimoni kama alivyoagizwa. Siku moja alikuwa na mazoezi mengi ya hesabu, akafungua kimlango, akamwaga mferejini. Hakuna aliyemwona. Kesho yake akafanya vilevile. Sasa ilikuwa imepita karibu miezi minane, na miguu yake ilikuwa imezoea kukata kona kwenye kimlango bila yeye kufikiri.

Jumamosi alikwenda kwa Mjomba, ndugu wa mama yake, aliyekuwa mfugaji wa samaki. Mjomba hakuuza samaki wakubwa. Alizalisha vifaranga vya perege na kuwauzia wafugaji wengine. Alikuwa na mabwawa mawili ya wazazi. Moja lilijazwa maji ya kisima kwa pampu. La pili, kubwa zaidi, lilipokea maji ya mfereji. Samaki waliokuwa humo walikuwa wachanga wa bwawa la kisima, waliohamishiwa pale wakiwa wadogo kuliko ukucha, na sasa walikuwa wamekomaa.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, Sindano. Njoo uone ajabu."

Sindano aliinama ukingoni. Alijua mambo ya perege. Wakati wa kuzaliana, dume huchimba kibakuli kwenye matope ya chini, mapezi yake yakawa mekundu pembeni, akafukuza kila dume mwenzake anayesogea. Jike hutaga humo, kisha huyabeba mayai mdomoni. Lakini bwawa la mfereji lilikuwa limetulia tuli. Hakukuwa na kibakuli hata kimoja. Samaki walielea pamoja, wote rangi moja ya kijivu, kama watu waliopanga foleni wakasahau wanasubiri nini.

"Miezi mitatu!" Mjomba alisema. "Bwawa la kisima linatoa vifaranga, hili halitoi hata mmoja. Chakula ni kilekile. Samaki ni ndugu. Wateja wangu wawili wameshaanza kununua kwingine. Mimi nakwambia, hapa kuna mkono wa mtu."

Alisema hivyo huku akimtazama mfanyakazi wake upande wa pili wa bwawa. Mfanyakazi huyo alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, ambaye Mjomba alimbatiza Taratibu tangu wiki ya kwanza. Alitembea taratibu, alikula taratibu, na ukimuuliza swali, unaweza kufunga kamba za viatu vyote viwili kabla hajajibu.

Jumatatu shuleni, Sindano alimsimulia rafiki yake aliyekaa naye dawati moja. Rafiki huyo aliitwa Redio, na hakuna aliyehitaji kueleza kwa nini.

"Huyo Taratibu aliingia kazini lini?" Redio aliuliza.

"Miezi minne iliyopita."

"Na samaki waligoma kuzaa lini?"

"Mitatu."

Redio alikunja mikono kifuani. "Basi. Unataka uambiwe na nani tena?"

Tangu siku hiyo Sindano alianza kumchunguza Taratibu. Kila alichofanya mtu yule kilionekana kibaya. Akikaa kimya, anapanga jambo. Akitabasamu, anaficha jambo. Alhamisi asubuhi, akiwa njiani kwenda shule, Sindano alisimama nyuma ya uzio wa Mjomba. Taratibu alikuwa amepiga magoti pale maji ya mfereji yanapoingilia bwawani. Aligeuka kushoto, akageuka kulia. Akatoa chupa ndogo kwenye koti. Akainama, mkono ukazama majini, na kwa muda Sindano aliona mgongo tu. Kisha chupa ikarudi kotini.

Sindano hakuhitaji kuona zaidi. Anatia sumu! Alikimbia mpaka shule bila kupumzika.

Jumamosi iliyofuata, Taratibu alipokuwa akivuta wavu, Sindano aliingia stoo. Alipapasa juu ya rafu, akaangalia ndani ya mabuti, akasogeza magunia ya chakula cha samaki. Nyuma ya magunia palikuwa na boksi. Ndani yake zilikuwamo chupa kumi na moja, kila moja imebandikwa karatasi yenye tarehe na herufi moja: nyingine M, nyingine K. Alifungua moja ya M, akanusa. Kulikuwa na harufu kwa mbali. Alihisi anaijua, lakini hakujisumbua kukumbuka. Sumu lazima inuke, alijiambia.

Alibeba boksi lote mpaka kwa Mjomba.

"Taratibu!" Mjomba aliita kwa sauti iliyowarusha ndege kwenye uzio. "Hizi ni nini?"

Taratibu alikuja, wavu bado begani. Alizitazama chupa, akamtazama Sindano. "Ni maji, bosi."

"Maji! Maji yanafichwa nyuma ya magunia?"

"Niliyateka humu humu bwawani. Ulisema hutaki mgeni aingie hapa, wateja wasije wakasikia. Nikaona kwanza nipate..."

"Kwanza unimalize! Nimekupa kazi, nimekupa chumba, na wewe unaniharibia uzao!"

Taratibu alifungua kinywa. Alimtazama Sindano kwa muda mrefu, kama mtu mwenye neno kwenye ncha ya ulimi. Kisha akalimeza. "Chupa hizo usizimwage, bosi. Nakuomba hilo tu."

"Chukua vitu vyako."

Aliondoka mchana huohuo na begi moja, na shati lake la pili likiwa bado bichi mkononi kwa sababu alikuwa amelifua asubuhi. Mjomba alilisukuma boksi chini ya meza yake, akalisahau.

Redio hakuhitaji umeme. Kufikia Jumatatu jioni mtaa mzima ulijua kwamba Taratibu ni mtu wa kutia sumu mabwawani. Alipokwenda kuomba kazi kwa mfugaji wa bata, mama huyo alizungumza naye kupitia dirishani, mlango umefungwa. Hatimaye alipata kazi ya kubeba matofali kwenye jengo lililokuwa likijengwa karibu na shule. Watoto wa darasa la nne walimwona, wakaanza kuimba, "Sumu! Sumu!" Yeye aliendelea kupanda ngazi na matofali yake begani, wala hakugeuka. Sindano, ambaye mwanzoni alijisikia kama askari aliyemkamata mwizi, alivuka barabara ili asipite karibu naye. Hakujua kwa nini.

Ajabu ni kwamba samaki hawakuzaa. Wiki ya kwanza, hakuna. Wiki ya tatu, hakuna. Mjomba sasa aliwashuku watu wote. Alimshuku muuza chakula cha samaki, akapasua gunia zima kuangalia kilichomo. Aliacha kumsalimia jirani yake. Alipokuja nyumbani kwa dada yake, aliinusa chai kabla ya kuinywa.

"Kaka, hiyo ni chai," Mama alimwambia. "Ukimaliza kuinusa, kuna sukari pia ya kuchunguza."

Mjomba hakucheka.

Jumanne moja mchana, Sindano alitumwa na mama yake kumpelekea Mjomba mashati yake yaliyopigwa pasi. Alimkuta Mjomba amesimama getini, mikono kiunoni, mbele ya mwanamke aliyeshuka kwenye pikipiki. Nyuma ya pikipiki palifungwa sanduku kubwa.

"Mimi ni daktari wa samaki, natoka maabara ya uvuvi," alisema yule mwanamke. "Nina majibu yenu."

"Majibu ya nini? Nani kakuita?"

"Mfanyakazi wako. Mwezi juzi, siku yake ya mapumziko, aliniletea chupa nne za maji. Mbili za mfereji, mbili za kisima. Akaniambia, 'Sijui kama kuna tatizo, ila nataka kujua.' Nilimwomba aendelee kuteka kila wiki na kuandika tarehe. Yuko wapi?"

Mjomba alikohoa. Sindano aliyakumbatia mashati kifuani. M ni mfereji, alifikiri. K ni kisima.

"Hayupo," Mjomba alisema hatimaye. "Ingia, daktari."

Daktari alivua dume mmoja kutoka bwawa la mfereji na dume mwingine kutoka bwawa la kisima. Aliwatoa damu kidogo kwa bomba la sindano, kisha akawapasua kwa uangalifu juu ya ubao. Alikata kipande chembamba cha tezi ya kiume ya kila mmoja, akakiweka chini ya hadubini aliyoitoa kwenye sanduku.

"Binti, una macho mazuri? Njoo. Tezi hii kazi yake ni kutengeneza mbegu za kiume tu. Huyu ni wa kisima. Unaona nini?"

"Vidoa vidogo vidogo, vimejaa kama vumbi."

"Sawasawa. Sasa huyu wa mfereji."

Sindano alitazama. Vumbi lilikuwepo, lakini katikati yake yalikaa maduara makubwa, laini, kila moja na kidoa ndani. Aliinua kichwa, akainamisha tena. "Haya yanafanana na mayai."

"Ni mayai."

"Lakini si umesema ni dume?"

"Ni dume. Dume mwenye mayai."

Mjomba aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Nani amemfanyia samaki wangu hivi?"

"Tuulize kwanza ni nini kilichofanya hivi," daktari alijibu, akifuta mikono. "Tutamfikia huyo nani baadaye. Binti, nipe shati moja hapo."

Alilikunjua shati la Mjomba juu ya magoti yake. "Katika mwili wa samaki, na katika mwili wako pia, kuna kemikali zinazotumwa kama wajumbe. Zinaitwa homoni. Zinasafiri na damu kwenda kila mahali. Lakini si kila seli inazisikia. Inayosikia ni seli yenye kipokezi. Kipokezi ni molekuli ya protini iliyojikunjakunja, na ndani yake kuna nafasi yenye umbo maalumu, mfano wa kitundu hiki cha kifungo. Homoni ya kike inaitwa estrojeni. Inaingia kwenye seli ya ini la samaki jike, inatumbukia katika kitundu cha kipokezi chake, na ikishatulia humo, sehemu ya kipokezi inajifunga juu yake kama kifuniko. Kipokezi kilichojifunga hivyo kinakwenda kushika DNA, pale palipoandikwa maagizo, na seli inaanza kutengeneza protini ya kiini cha yai."

"Na dume je?" Sindano aliuliza. Hata akiwa na hofu, maswali hayakumwacha.

"Dume naye ana kipokezi hicho. Kinachopungua ni mjumbe, kwa hiyo hakipati kazi nyingi." Daktari aligusa kifungo cha tatu cha shati, ambacho kilikuwa cha kahawia wakati vingine vyote vilikuwa vyeupe. "Hiki si cha shati hili."

"Ni cha koti," Sindano alisema. "Cheupe kilipotea, Mama akashona alichokuwa nacho."

"Na kinafunga?"

"Kinafunga. Kinalegea kidogo."

"Basi ndivyo ilivyo kwenye maji yenu. Maabara ilikuta kemikali moja inayoitwa nonilfenoli. Upande mmoja molekuli yake ina pete ya kaboni sita, na kwenye pete hiyo oksijeni na hidrojeni zimejishikiza. Estrojeni nayo ina pete kama hiyo. Kipokezi hakina macho. Kinajua umbo na mguso tu. Pete ikiingia kitunduni na kushika pale panapostahili kushikwa, kifuniko kinajifunga, na ini la dume linaambiwa: tengeneza kiini cha yai. Na kwa kifaranga ambaye bado anakua, hata tezi yake inachanganyikiwa, haijui iwe ya kiume au ya kike."

"Inashika sawasawa na homoni yenyewe?"

"Hilo ni swali la maabara kabisa! Hapana. Inashika vibaya, ni dhaifu mara maelfu. Lakini homoni ya kweli ikimaliza kazi, mwili unaivunja na kuiondoa. Hii haivunjiki upesi, inajibana matopeni, na kila siku inaongezeka nyingine. Samaki hawa wameogelea humo tangu utotoni. Na ziko kemikali nyingine zinazofanya kinyume: zinaingia kitunduni, zinakaa tu, na mjumbe wa kweli akija anakuta nafasi imejaa."

Mjomba alisema kwa sauti ndogo, "Na sisi watu?"

"Vipokezi vyetu vinafanana sana na vya samaki. Ndiyo maana hatuchezi na jambo hili. Samaki wa bwawa hili wasiliwe wala wasiuzwe mpaka nitakaposema."

"Inatoka wapi hiyo kemikali?"

"Kwenye baadhi ya sabuni kali za kuondoa mafuta na grisi. Sabuni inapofika majini, bakteria wanaukata mkia wake mrefu, na kinachobaki ni hicho." Daktari alisimama. "Twende tuufuate mfereji tuone unakotoka."

Sindano alikumbuka ndoo zake. Alitaka kusema anakwenda nyumbani, lakini mfereji ulielekea nyumbani. Walipita nyuma ya kiwanda cha kufyatua matofali, daktari akateka maji. Walipita nyuma ya nyumba za walimu, akateka tena. Kwa macho maji yalionekana safi. Kisha wakakata kona, na matope ya mfereji yakawa ya kijivu, yenye utando uliong'aa rangi rangi. Palikuwa na mapovu makavu kwenye nyasi. Juu yake ulisimama ukuta wenye kimlango cha mbao.

Mjomba alisimama kama aliyepigwa kofi. "Hapa ni kwa dada yangu."

Mama alikuwa anapiga pasi. Aliposikia habari yote, aliiweka pasi wima polepole. "Mimi? Maji yangu ya ovaroli yanakwenda shimoni tangu siku ya kwanza. Muulize mpwa wako, yeye ndiye anayemwaga."

Wote watatu walimgeukia Sindano.

"Shimoni," alisema. Sauti yake ilitoka nyembamba kama uzi.

Mjomba hakungoja. Alivuka uwanja mpaka mwisho, akauvuta ubao uliofunika shimo. Mawe yalikuwa makavu, meupe kwa vumbi, na buibui alikuwa ametandaza nyumba yake kutoka ukingo mmoja mpaka mwingine.

"Dada, shimo hili halijaona maji mwaka huu. Unaniambia uongo machoni?"

"Mimi nikudanganye? Mimi na wewe tumenyonya ziwa moja!"

"Ndiyo maana sikukushuku! Nimemshuku kila mtu mtaani, kumbe adui ni mtoto wa mama yangu mzazi!"

Mama alifungua kinywa kujibu, kisha akakifunga. Alichukua ovaroli iliyokuwa mezani, akaanza kuikunja. Sindano alikuwa ameuona ukimya huo kabla. Ulikuwa wa Taratibu, siku ile aliposimama na wavu begani, mtu mwenye haki yake asiyepata pa kuisemea.

"Ni mimi," Sindano alisema. Hakusikika. Akasema tena kwa nguvu mpaka sauti ikapasuka. "Mjomba, ni mimi! Mama hajui. Shimo ni mbali, nikawa namwaga mferejini. Kila siku. Na Kaka Taratibu hakufanya kitu, nilimwona na chupa nikasema ni sumu, na haikuwa sumu, ilikuwa maji yangu mwenyewe." Kisha akalia, na kilio hicho kilikuwa kirefu.

Mama hakumpiga. Alisubiri mpaka kilio kikapungua. "Tangu lini?"

"Tangu kabla ya likizo ndefu."

Mama alivua aproni, akaichomoa pasi ukutani. "Kanawe uso. Tunakwenda kwa yule mtu. Sasa hivi. Na wewe kaka utangulie mbele."

Walimkuta Taratibu kwenye jengo, akiwapa mafundi matofali. Mafundi wote waliacha kazi kusikiliza. Sindano alitamani ardhi impasukie, lakini alisimama na kusema yote, tangu kimlango mpaka stoo, bila kuruka kitu. Mjomba naye alisema yake. Hakuzoea kuomba msamaha, maneno yalimtoka kama mawe, lakini yalitoka.

Taratibu alijifuta vumbi usoni. Kama kawaida yake, walingoja.

"Nilikuona," alimwambia Sindano. "Nilipoanza kuufuata mfereji, nilikuona mara mbili ukimwaga."

"Sasa kwa nini hukusema? Hata siku ile ya chupa?"

"Ningesema nini? Nilijua unamwaga maji. Sikujua kama maji hayo ndiyo yanaharibu samaki, majibu yalikuwa hayajatoka. Ningemtaja mtoto wa watu kwa kubahatisha, na kama si yeye?"

Sindano aliinamisha kichwa. Hayo ndiyo aliyomfanyia yeye.

"Rudi kazini," Mjomba alisema. "Rudi hata leo."

Taratibu alifikiri. "Nitarudi wiki ijayo. Ukuta huu niliahidi kuumaliza."

"Ndugu yangu, hata kusamehe unasamehe taratibu?" Mjomba aliuliza, na mafundi wakacheka, na kwa mara ya kwanza Taratibu naye akacheka.

Kazi ya kurekebisha ilichukua miezi. Mama aliwaambia mafundi wa gereji ukweli, akaacha kununua sabuni isiyo na maandishi, na daktari akamsaidia kuchagua nyingine ambayo imeandikwa kila kilichomo. Bwawa la mfereji lilifungwa. Maji yake yalitolewa kwa namna aliyoelekeza daktari, na matope yake pamoja na yale ya kijivu ya mferejini yakazikwa mbali na kisima. Samaki wake wote waliteketezwa. Kisha bwawa likajazwa upya na kuwekwa wazazi wapya kutoka bwawa la kisima.

Jumamosi tatu mfululizo, Sindano na Mjomba walizunguka nyumba kwa nyumba wakisafisha jina la Taratibu. Walianza kwa mfugaji wa bata. Redio naye aliambatana nao, kwa sababu Sindano alimwambia, "Ulikitangaza cha uongo bila kulipwa, njoo utangaze cha kweli." Redio alinuna mpaka nyumba ya pili, kisha akaanza kuhadithia habari za vipokezi vizuri kuliko Sindano mwenyewe.

Mwezi wa tano wa kazi hiyo, Taratibu aliwaita wote bwawani. Maji yalikuwa maangavu. Chini, kwenye matope, palikuwa na vibakuli tisa vya mviringo, na juu ya kimoja dume mwenye mapezi mekundu alimfukuza mwenzake kwa hasira kubwa. Karibu na ukingo, jike alifungua mdomo na kundi la vifaranga, wadogo kama punje, likamwagika majini.

Mjomba alichuchumaa kando ya Sindano. Akasema:

"Mpwa wangu, mimi na wewe tulikosea kosa moja, tena mimi mkubwa ndiye niliyekuonyesha njia. Samaki walipoharibika, tulikimbilia kutafuta mtu wa kumlaumu. Huyu mwenzetu alitafuta sababu. Kushuku si vibaya, hata yeye alishuku. Lakini aliyapeleka mashaka yake yakapimwe kabla ya kumtupia mtu. Sisi tulimtupia mtu, ndipo vipimo vikaja kutuumbua. Siku nyingine jambo likiharibika, jiulize kwanza mimi nimefanya nini, halafu tafuta ushahidi. Na ukikuta kosa ni lako, sema siku hiyohiyo, kabla mwingine hajalipia."

"Nimeelewa, Mjomba."

"Na wewe utanikumbusha nikisahau. Maana mimi nasahau."

Sindano alimgeukia Taratibu, aliyekuwa akijaza chupa mpya pale maji yanapoingilia. "Kaka Taratibu, hiyo ya leo naweza kuandika tarehe mimi?"

Taratibu aliifunga chupa, akaikausha kwenye shati lake, akampa pamoja na kalamu.